Haki ya Kinachotazamwa

Limeletwa swali katika darsa yetu ya baina ya Maghribi na Isha, na kwa kuwa lilizusha maneno mengi hata ikaadhiniwa Isha na watu wamo bado katika kujibizana, tumeona ni bora tuliandike humu ili na wale wasiohudhuria wapate kulipima. Swali lenyewe ni hili. Mtu amejaaliwa riziki, naye ataka kuwachukua mkewe na watoto wake likizo ya Disemba awapeleke Uturuki siku kumi na nne. Haendi kwa biashara, wala kwa masomo, wala kwa matibabu, wala kuzuru jamaa. Aenda kutazama. Ataka aone Aya Sofia na majumba ya masultani katika Istanbul, mji ambao wazee wetu wakiuita Stambuli, kisha aingie bara akaone majabali ya Kapadokia na miteremko myeupe ya Pamukkale, halafu arudi. Jee, safari kama hii ina maana yo yote mbele ya mwenye akili, au ni mali iliyotupwa baharini?

Waliojibu walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza walisema kuwa hii ni israfu, na juu ya kuwa israfu ni kuiga mambo ya Wazungu, ambao kila mwaka twawaona kwa macho yetu wakija pwani hii kulala juani. Kundi la pili wakasema: mali ni yake, ameichuma kwa halali, zaka ametoa, na mwenye wivu ajinyonge. Lakini ukiyasikiliza vizuri makundi haya mawili utaona kwamba yote yalikuwa yakizungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni mfuko wa yule aendaye. Hapana hata mmoja aliyeuliza habari za kile kiendewacho. Maji yale, mawe yale, nyumba zile, na watu wakaao humo, jee, havina neno katika jambo hili? Mimi nataka kuuliza upande huo, maana huo wa mfuko hauna uzito mkubwa.

Na kwamba hauna uzito ni kwa sababu hukumu yake yajulikana na kila mtu, hata kama hatuifuati. Mwenye deni na alipe kwanza. Mwenye wazazi wasiokuwa na dawa na anunue dawa. Mwenye kukopa ili aende kutembea, kisha arudi akimkwepa mwenye duka, huyo hana la kuulizia. Haya twayasema katika harusi, twayasema katika makochi na magari, na hapana sababu ya kuyasema kwa ukali zaidi katika safari. Bali mimi nimeona watu wakimlaumu aliyetumia fedha zake kuwaonyesha wanawe ulimwengu, na wao wenyewe wametumia mara mbili yake katika karamu ya usiku mmoja ambayo chakula chake kiliishia jaani.

Kuna pia aliyetaja hadithi ya misikiti mitatu, kuwa haifungwi safari ila kuiendea hiyo. Hadithi ni sahihi, lakini mahali pake si hapa. Maneno yale yamekuja juu ya mtu afungaye safari kuendea mahali kwa kutaka ubora wa ibada, na huyu wetu haendi Pamukkale kwa kutaka thawabu za Pamukkale. Aliye karibu zaidi na swali ni yule aliyekumbusha kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilijadili jambo hili zamani sana, walipozungumza habari za kupunguza Swala. Waliuliza: mwenye kutoka mji hata mji kwa ajili ya kuona nchi tu, jee, ana gharadhi sahihi? Wapo miongoni mwao waliomtenga mtu huyu na yule atokaye kwa kuiburudisha nafsi yake iliyochoka. Kuburudika wakakuhesabu ni gharadhi. Kuzunguka kwa kuona tu, wengine wao hawakukuhesabu. Mtu akisoma haraka ataona kuwa ni jambo la ajabu, kwani mwenye kuona nchi na mwenye kuburudika huwa ni mmoja. Lakini naona walikuwa wakitafuta kitu cha haki: wakiuliza mtu huyu akirudi kwao atakuwa amepata nini ambacho hakuwa nacho alipotoka.

Na lugha yetu yatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Sisi tuna kutazama, na tuna kuona. Kutazama ni kazi ya jicho: wauelekeza uso wako upande fulani, basi umetazama. Kuona ni jambo jingine. Kipofu huona baridi na huona njaa. Mtu huona haya, huona uchungu, huona raha, na aulizwapo rai yake husema, mimi naona hivi. Vitu hivi vyote havipiti katika jicho. Ndiyo maana yawezekana mtu akatazama siku kumi na nne na asione kitu. Alirudi mtu mmoja kutoka safari kama hii, akanionyesha katika simu yake picha zisizohesabika, na katika karibu zote yeye mwenyewe amesimama mbele na ajabu ya ulimwengu iko nyuma yake. Nikamuuliza, maji yale ni ya moto au ya baridi? Akasita, kisha akamuuliza mkewe.

Kitabu chetu cheye kimeamrisha, wala si mara moja, watu watembee katika ardhi wakaangalie. Lakini kila mahali palipokuja amri hiyo, pamefuatishwa kitu cha kuangaliwa: mwisho wa waliotangulia ulikuwaje, au viumbe vilianza vipi. Amri ya kutembea tupu hakuna. Kutembea kumefungamanishwa na swali ambalo mtembezi alichukua kutoka kwao.

Natuchukue mfano wa mtu ambaye pwani yetu ina haki ya kujivunia kuwa alipita kwake. Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Maghribi, alifika Mombasa kiasi cha mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Baadaye alizunguka nchi ya Warumi, ambayo ndiyo Uturuki ya leo, na baada ya hapo akafika Kostantiniya, ambayo ndiyo Istanbul. Aliporudi kwao habari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1355. Jina la kitabu chake kwa Kiarabu linaanza kwa kusema kuwa ni tunu kwa watazamaji, juu ya mageni ya miji na maajabu ya safari. Basi huyu ndiye imamu wa watazamaji. Jee, aliona nini?

Katika Mombasa hakutaja jengo kubwa, kwani halikuwako. Alitaja misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na kisima katika mlango wa kila msikiti, na kwamba watu walikuwa wakienda miguu mitupu, na mwenye kuingia huosha miguu yake kisha akaifuta katika mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Usiku mmoja tu, naye aliuona mkeka wa kufutia miguu! Na alipofika Ladhiki, mji ambao leo huitwa Denizli, nao uko karibu kabisa na miteremko hiyo ya Pamukkale ambayo ndugu yetu ataka kuiendea, alichotupa sisi si mawe. Asema kwamba walipokuwa wakipita sokoni watu walishuka madukani wakazikamata hatamu za farasi wao, wakaja wengine wakagombana na wale wa kwanza, hata baadhi wakatoa visu. Yeye na wenzake wakadhani wameingia mikononi mwa wanyang'anyi. Akaja mtu aliyejua Kiarabu akawaeleza: hawa ni vijana wa majumba mawili ya udugu, na kila jumba lataka nyinyi muwe wageni wake. Ikapigwa kura. Miaka karibu mia saba imepita, na sisi twawajua watu wa Ladhiki kwa kisu walichokitoa ili wapate mgeni. Leo mgeni wa Pamukkale hushuka katika basi saa nne, hula katika hoteli ambamo hakuna amjuaye, na saa kumi huondoka.

Basi tuje kwenye Pamukkale yenyewe. Maana ya jina hilo kwa Kituruki ni ngome ya pamba, kwa weupe wake. Ni mteremko wa karibu mita 200 kwenda juu, na weupe huo si theluji wala chumvi. Maji ya moto hutoka katika ardhi yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Yakifika juu na kukutana na hewa, ile gesi iliyokuwa ikiishika chokaa huponyoka, na chokaa hubaki, kwanza laini kama uji, kisha hukauka ikawa jiwe. Tone juu ya tone, yametengenezwa mabirika yaliyopangana kama ngazi, kila moja lamwagia la chini yake. Watu wa kale walijenga mji juu yake uitwao Hierapolis, wakija kuoga kwa kutafuta afya, na makaburi yao yaonyesha kuwa si wote walioipata.

Katika karne iliyopita wakaja watazamaji. Hoteli zikajengwa juu pale pale, katikati ya magofu, na maji yale ya chokaa yakavutwa kuingizwa katika mabirika ya hoteli ili wageni waogelee. Ikapasuliwa njia ya magari kupita juu ya mteremko. Watu wakapanda na viatu vyao, wakajipaka sabuni katika mabirika ambayo maji yaliyachonga. Na jiwe lile, ambalo weupe wake wategemea maji mapya yapite juu yake kila mara, likanyimwa maji, likachafuka, likawa la rangi ya majivu. Mahali hapo palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988, na katika miaka iliyofuata hoteli zile zikavunjwa na njia ile ikafungwa. Sasa maji hugawiwa kwa zamu, leo upande huu, kesho upande ule, ili jiwe lipate kupona. Na mwenye kupita juu ya weupe sharti avue viatu. Ndugu yetu wa Mombasa atavua viatu katika Pamukkale kama babu zake walivyoosha miguu mlangoni pa msikiti, Ibn Battuta akawaona.

Hapa ndipo lilipo swali langu. Waliojenga zile hoteli hawakuwa maadui wa Pamukkale; waliipenda. Na walioogelea hawakuja kuiharibu, walikuja kuitazama. Hapana hata mmoja wao aliyefanya dhambi ambayo angeweza kuionyesha kwa kidole. Mtu mmoja na viatu vyake haliharibu jabali. Lakini limeharibika. Jee, ni nani aliyekosa?

Atasema mtu: wewe watutia mashaka ya bure, jiwe halina roho, vipi litakuwa na haki? Haki ni ya aliye hai, mwanadamu, na mnyama kwa kadiri yake. Nami nakubali kuwa jiwe halitamshitaki mtu. Lakini sisi watu wa pwani tunalo jambo ambalo laweza kutufahamisha haraka kuliko falsafa, nalo ni wakfu. Mnazi uliowekwa wakfu, nazi zake huliwa na shina lake haliguswi. Mlaji ana ruhusa kamili ya kula, tena hali kwa kuiba, ni haki yake. Lakini akiukata mnazi amemla yule atakayekuja baada yake. Na lau walaji ni elfu, na kila mmoja akakata kijiti kimoja tu kidogo kisichoonekana, mnazi utakufa na hapana atakayekiri kuwa ameuua. (Na namna wakfu unavyoweza kufa hali kila mmoja yu mtu mwema, hilo watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa.) Nasema basi kwamba maajabu ya ulimwengu ni kama wakfu ambao mwenye kuuweka ni Muumba wake, na wenye kunufaika ni watu wote, waliozaliwa na wasiozaliwa. Manufaa yake ni kuonekana. Shina lake ni kubaki vile vile. Mwenye kuiendea Pamukkale si mnunuzi wa Pamukkale, hata angelipa kiingilio mara kumi; ni mlaji wa zamu yake.

Na haitoshi kusema, mimi sitadhuru kitu. Madhara ya mmoja hayaonekani, ndiyo maana kipimo hakiwezi kuwa madhara ya mmoja. Kipimo ni hiki: kila ajaye akifanya kama nifanyavyo mimi, kitabaki? Akijibu ndiyo, na apite. Akijibu la, basi kile kiatu chake kimoja ni kiatu cha watu wote.

Nitapita haraka katika Kapadokia, si kwa udogo wake. Volkano za zamani zilimwaga majivu juu ya nchi ile, majivu yakawa jiwe laini, na mvua na upepo vikalichonga likawa minara yenye kofia. Jiwe lile hukatika kwa chombo kidogo, na watu wakachimba humo nyumba, na makanisa, na chini ya ardhi wakachimba miji mizima. Ule wa Derinkuyu washuka mita 85 hivi, na njia zake zilikuwa zikifungwa kwa mawe makubwa ya duara yaliyoviringishwa kutoka ndani. Yafaa mtu ajiulize, kwa nini mwanadamu achimbe shimo kama hilo na kulifunga kutoka ndani? Walichimba kwa hofu. Na mwaka 1923, serikali mbili za Uturuki na Uyunani zilipobadilishana watu, Wakristo wa sehemu zile waling'olewa makwao wakapelekwa ng'ambo, na Waislamu wa Uyunani wakang'olewa makwao wakaletwa huku, bila ya ye yote kati yao kuulizwa. Leo watu hushuka mashimo hayo wakichekeana kwa wembamba wa njia. Simkatazi mtoto kucheka. Lakini baba yake aliyemleta ana wajibu wa kumwambia hapa palikuwa nini, na kama hajui, ana wajibu wa kusoma kabla hajapanda ndege.

Sasa nije kwa watu, ambao haki yao haihitaji mfano wa mnazi. Wakaao Mji wa Kale wa Mombasa wajua ni nini kutazamwa. Mwanamke ameketi barazani kwake akichambua mchele, mara umati wasimama mbele yake na vyombo vya picha, kama kwamba yeye ni sehemu ya mlango uliochongwa. Ndugu zetu wa Lamu, tangu mji wao ulipoingia katika orodha ya urithi mwaka 2001, wamezidi kulijua hilo. Riziki imeingia, hatukatai, na wako walioinua nyumba zao kwa riziki hiyo. Pia wako waliouza nyumba za babu zao wakahamia pembeni, na sasa huingia mtaa wao wenyewe kama wageni. Na jambo hili si la masikini peke yao. Katika Barcelona mwezi wa Julai 2024 wenyeji waliandamana, baadhi yao wakawarushia maji wageni waliokuwa wameketi mikahawani. Venice, kuanzia Aprili ya mwaka huo huo, iliwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika baadhi ya siku, ili wapungue.

Twajua sote ile hadithi ya waliokatazwa kukaa njiani, wakasema hatuna budi na vikao vyetu, wakaambiwa basi ipeni njia haki yake. Na la kwanza katika haki hizo lilikuwa ni kuinamisha macho. Sisi tumezoea kuifasiri kwa wanawake wapitao tu, na hiyo ni kweli. Lakini angalia mpango wake: mtu amekaa katika njia isiyokuwa yake peke yake, ana jicho, na wapitao hawakumruhusu awatazame. Mtalii ni mtu aliyekaa katika njia ya watu. Basi nawauliza wale waliokasirika pamoja nami walipopigwa picha barazani: mlipokuwa Istanbul, katika mtaa wa Balat wenye nyumba za rangi, ambako watu hutandaza nguo zao na kuwaogesha watoto wao kama sisi, jee, mlibisha hodi? Na katika kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, ambako watu huja na huzuni zao, mmoja aomba mtoto, mmoja aomba mgonjwa wake apone, nani kati yenu aliyemwelekezea simu mzee aliyekuwa akilia? Nimeziona picha hizo. Zimetumwa katika simu za mji mzima, pamoja na maneno ya mashaallah.

Limebaki la Aya Sofia, na hili ndilo lililozusha maneno makali zaidi. Jengo lile lilijengwa na mfalme Justinian baina ya mwaka 532 na 537, likiwa kanisa. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi, na kilele chake ni kiasi cha mita 55 kutoka sakafuni; lilianguka mwaka 558 kwa tetemeko, likajengwa tena. Sultani Mehmed alipoufungua mji mwaka 1453 alilifanya msikiti. Mwaka 1934 serikali ikakata shauri kulifanya nyumba ya makumbusho, na Julai ya mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Na tangu Januari 2024 wamelitenganisha njia mbili. Mwenye kuja kuswali huingia chini, hatozwi kitu. Mgeni mwenye kuja kutazama hupanda ghorofani, nako kiingilio kilipoanza kilikuwa euro 25 kwa mtu. Kwa mwenye mke na watoto hizo ni fedha za kutajika.

Akasema kijana mmoja katika darsa: mimi ni Muislamu, kwa nini nilipe? Nitaingia mlango wa wenye kuswali, niswali rakaa mbili za kuuamkia msikiti, kisha nitazame nitakavyo. Watu wakacheka, na wengi wakaona ni hekima. Mimi sikucheka. Lakini naona lapasa lijibiwe kwa uadilifu, maana ndani yake mna haki na mna hila, nazo zimefungwa katika fundo moja.

Haki iliyomo ni kwamba msikiti ni msikiti, na hapana wa kumzuia Muislamu kuswali humo kwa sababu ametoka mbali. Na mwenye kuswali kisha akainua macho yake akastaajabia kuba hakufanya kosa. Nia mbili hukutana katika moyo mmoja kila siku: waendao Hijja waliruhusiwa biashara, na mwenye kutembea kwenda msikitini kwa ajili ya Swala huku akitaka pia kunyoosha miguu hajaharibu kitu. Imamu Ghazali, alipozungumza juu ya nia zilizochanganyika, hakusema kila mchanganyiko ni batili. Alitazama ni ipi yenye nguvu, ipi ndiyo iliyomsukuma mtu hata akainuka. Basi kijana wetu na ajipime kwa mizani hiyo. Lau milango yote miwili ingalikuwa bure, angaliswali zile rakaa mbili? Na lau mlango wa kuswali ungalikuwa hauonyeshi kitu ila ukuta mtupu, angaliuingia? Akijibu kwa ukweli kuwa angaliswali, apite kwa amani. Akijibu kuwa la, basi rakaa zile si Swala, ni tikiti.

Na sasa namrudia Ibn Battuta, maana yeye pia alisimama mlangoni pa Aya Sofia, miaka zaidi ya mia kabla ya Sultani Mehmed, lilipokuwa kanisa bado. Alikuwa ametoka mwisho wa dunia. Alikuwa ameona Makka na Damashki na Kilwa, na kuona ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akakaa katika mji ule zaidi ya mwezi. Na katika kitabu chake asema kwamba ataeleza sura ya nje tu ya jengo lile, kwani ndani hakuingia: haikuwa ruhusa kwa mtu kuingia mpaka ausujudie msalaba uliokuwa hapo. Lau angeinama kidogo, nani angejua? Angeweza kusema moyoni mwake kuwa hana nia ya ibada, ni mgongo tu umeinama. Angetupa habari za ndani, nasi tungemsoma kwa furaha. Akabaki nje. Yule alikataa kusujudu ili aone, na huyu wetu ataka kusujudu ili aone. Nami sijui ni nani kati yao wawili aliyeondoka mlangoni pale na kitu kikubwa zaidi.

Atasema kijana: mimi sijamsujudia asiyekuwa Mungu. Kweli, na hapana aliyesema hivyo. Lakini paji la uso lina haki yake, na sijda ina haki yake, nayo haiwekwi mahali pa euro 25. Na zaidi ya hayo, walioweka njia mbili wameomba kitu kimoja tu kwa ajaye, aseme kweli amekuja kwa nini. Utalii si dini ya mtu. Muislamu naye huwa mtalii, tena si aibu. Na aingie chini Swala ya Maghribi pamoja na jamaa, asimame safu moja na wachukuzi na wauza samaki wa Istanbul, kichwa chake kiwe chini kama vichwa vyao. Na asubuhi yake, akitaka kutazama, alipe, apande, atazame.

Kuna mzee aliyeuliza mwisho wa darsa, kwa sauti ndogo, kama watoto hao wamekwisha kuionyeshwa Gede. Baba yao hakujibu. Mji ule uko saa chache tu kutoka hapa, una msikiti wake mkuu na visima vyake na nyumba zake zilizohamwa karne nyingi zilizopita, na mwaka 2024 umetiwa katika orodha ile ile walimotiwa Pamukkale. Watu hutoka Ulaya kuja kuutazama. Sisemi kwamba mtu asiende mbali mpaka amalize karibu, kwani hapana amalizaye karibu. Lakini naona mtoto aliyekwisha kukaa juu ya ukingo wa kisima cha Gede na kuuliza watu wa hapa walikwenda wapi, atafika Derinkuyu akiwa na swali mfukoni.

Ama swali jingine alilolileta ndugu yetu, kama katika siku zake kumi na nne atapunguza Swala au ataitimiza, jawabu lake katika madhehebu yetu ni kuhesabu siku. Akinuia kukaa katika mji mmoja siku nne kamili, isipokuwa siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika tangu afikapo na ataswali kamili. Akikaa chini ya hizo, kama atakavyofanya Pamukkale na Kapadokia, yumo safarini. Ama ile hitilafu ya gharadhi tuliyoitaja juu, tutaisoma kitabuni Jumatano inshallah, naye na aje kabla ya kukata tikiti.